Hita Haina Kosa

Kwenye basi, dada aliyepakata hita alimlalamikia jamaa wa pembeni yake, ambaye shati lake lilikuwa limetobolewa na cheche.

"Imeandikwa wati elfu mbili, kaka, lakini jioni haipashi hata vidole! Dukani wamekataa kuipokea."

"Hita haina kosa. Umeme wenu ndio mdogo," alijibu, kama aliyeombwa ushauri na serikali. "Volti zikishuka hadi nusu, joto linabaki robo. Kuna jirani anawanyonya."

"Ni yule fundi wa kuchomelea nyuma ya ukuta! Simjui sura, ila leo atanitambua."

"Usimwachie kabisa!"

Basi liliposimama, dada alinyoosha kidole. "Kwetu pale, geti la bluu."

Jamaa, aliyekwishainuka, alikaa tena taratibu. "Mimi nashuka mbele."

Dereva alikuwa ameshazima injini; hapo ndipo kituo cha mwisho. Basi halikuwa na mbele.