Baba wa Kwenye Picha

Ndugu, jamaa na majirani wa Proddatur, anayewasomea historia hii ni Obulesu, mwana wa pekee wa kiume wa marehemu, na hilo neno pekee mlisikie vizuri, kwa maana tangu asubuhi baadhi yenu mnanong'ona kwamba moto wa kuni hizi za kumchomea marehemu, ambao kwa desturi huwashwa na mwana wa kiume, angeushika mgeni aliyekuja na magari meusi.

Marehemu mzee Gangisetti Chennakesavulu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 hapa Proddatur, mtoto wa tatu wa mfuma nguo, akasoma hadi darasa la saba, mwaka 1964, akafuma na babake miaka kadhaa, kisha akafuata kikundi cha michezo ya kuigiza kilichomfikisha Madras, mji wa filamu, mwaka 1972. Huko alipata kazi katika filamu, ila si ya kusema wala kupigana, maana Mungu alimpa uso wa baba aliyedhulumiwa, basi wakawa wanampiga picha, wanaitundika ukutani na kuivika shada la maua kama ya mfu, na shujaa anaapa mbele yake kulipiza kisasi.

Alimwoa marehemu Subbamma tarehe 2 Juni 1978, wakajaliwa Lakshmidevi mwaka 1980 na Obulesu mwaka 1983. Kila alipovikwa maua hayo, mama alimzungushia chumvi na pilipili kichwani, akazitupa motoni, asije akajiitia kifo mtu mzima mzima.

Mwaka 1994 ilitoka filamu iliyompa jina, ya kijana anayewamaliza maadui wa ukoo wao mmoja mmoja kwa ajili ya babake, na kijana huyo alikuwa nyota Chandrahasa, aliyelia mbele ya ile picha hata shangazi zake Obulesu wakalowesha ncha za sari. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Chandrahasa mwana wa Chennakesavulu, na mzee, badala ya kukanusha, alicheka, akawa anampigia simu kila mwaka mpya. Obulesu alimwonea wivu, tena wivu wa kukereketa roho, kwani yule alichinja kijiji kizima kwa ajili ya baba, na yeye alikuwa akimpeleka baba kliniki kwa pikipiki, nani ampigie makofi?

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2015. Siku moja televisheni ya wodini ilionyesha filamu ile ile, Obulesu akashindwa kujizuia, akamwambia, "Baba, si umwite mwanao huyo aje akubadilishe shuka?"

Mzee akasema, "Yule akimaliza kulia anafutwa machozi, analetewa chai. Wewe unakwenda kulia bafuni na bomba umelifungulia, unadhani sikusikii."

Alifariki tarehe 9 Februari 2019 alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Obulesu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wafumaji wenzake, watu wa filamu, na Bwana Chandrahasa mwenyewe, ambaye machozi yake ya leo hatuna shaka ni ya kweli, na ambaye anaombwa, kwa heshima zote, asogee nyuma akasimame na wageni wengine, ili mwana apite na moto.

Pumzika kwa amani, baba yangu mimi.