Kasikio na Maneno Niliyoyameza

Mheshimiwa Daktari Mkurugenzi wa hospitali yetu, Padri, mlezi wa wagonjwa, Masista, Bwana Chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, madaktari na wauguzi mlioacha salle zenu za wagonjwa kwa saa moja, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wagonjwa mliosogeza viti mpaka dirishani ili mnisikie: nawasalimu wote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Hotuba hii nimejaribu kuiandika kwa Kiswahili cha kanisani. Nikiteleza mnivumilie. Miaka thelathini na moja nimesema maneno ya watu wengine, yangu mwenyewe sijayazoea.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Venant, mkalimani mnayemuaga leo. Kazi yangu hapa Nyalukemba ilikuwa kusimama kando ya kitanda. Daktari ametoka Kinshasa au Ulaya, anasema Kifaransa. Mgonjwa ametoka Katana, Kalehe au Mwenga, anasema Mashi, Kihavu au Kirega. Mimi nilikaa katikati, nikayapitisha maneno huku na huku. Mashi niliinyonya kwa mama, Kihavu ni jirani yake, na Kirega alinifundisha mke wangu, hasa siku alizokuwa amekasirika.

Asubuhi ya hapa mnaijua. Ukungu unapanda kutoka ziwani, unaingia kwa madirisha ya salle ya tatu, na kwa dakika chache huoni vitanda vinaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Wagonjwa wanasema usingizini, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Nilikuwa napita kati yao polepole, nusu macho nusu ndoto, Kihavu mkono wa kulia, Kirega mkono wa kushoto, nikiwaza kwamba hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayewasikia wote hawa kwa pamoja. Nisiwadanganye, nilijiona mtu mkubwa.

Kisha akaja mgeni. Miezi sita iliyopita Docteur Guy, kijana wetu wa Kinshasa ambaye mpaka leo anawasalimu wagonjwa kwa Lingala na kushangaa wasipojibu, alifika kazini na kitu kidogo kimebanwa kwenye kola, kadogo kama kifungo cha koti. Ni akili ya mashine. Kanasikia Mashi, kanatoa Kifaransa. Kanasikia Kifaransa, kanatoa Kihavu. Hakaombi likizo, hakaugui, hakaulizi chai. Siku hiyohiyo wamama wa kufua mashuka wakakapa jina: Kasikio, yaani sikio dogo.

Je, tulikapokea? Ndugu zangu, tulikakataa kabisa. Maman Martine wa kufua mashuka aliniuliza, "Papa Venant, kale Kasikio jioni kanalala kwa nani? Maneno yetu kanayaweka wapi?" Mgonjwa mmoja alikafunika kwa kitenge kila mara daktari alipoinama. Mwingine alikataa kutaja hata ubavu unaomuuma, akaonyesha kwa kidole. Padri naye, usinikasirikie Padri, aliuliza kama kanaweza kutunza siri bila kuwekewa mikono na Askofu. Na katika mji huu, ambapo tumejifunza kutazama nani yuko karibu kabla ya kujibu salamu, nani atawacheka watu kwa kuogopa sikio lisilojulikana ni la nani?

Basi ikaandikwa barua ya kumwomba Mkurugenzi akaondoe. Sahihi mia mbili na kumi na moja. Sahihi ya kwanza ni ya Chantal, mshonaji wa hapa Nyalukemba, ambaye mmemsikia sasa hivi kwenye micro hii ninayosemea. Mlisikia alivyosema: "Mama yangu alikufa akisikia sauti ya Papa Venant, hakukufa akisikia machine. Wagonjwa wengine pia wapewe ile bahati." Mkapiga makofi. Wengine mlilia. Na Mkurugenzi ameniambia waziwazi kwamba ataamua leo, akishasikia neno langu. Najua ninyi nyote mnangoja nikazike Kasikio. Nami nilitaka kukazika, kwa nini niwafiche?

Lakini kuna Muzee Floribert.

Muzee Floribert alikuwa mkulima wa Katana. Alilala hapa miezi minne. Asubuhi moja Docteur Guy alikaa kitandani pake, akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. Kabla sijafungua mdomo, Kasikio kakasema kwa Mashi safi: "Daktari anasema ugonjwa huu hautapona. Anadhani imebaki miezi miwili au mitatu. Anasikitika sana."

Nikaruka. Nikasema, "Hapana, Muzee, docteur alitaka kusema..." Muzee akainua mkono. Akanijibu kwa Kiswahili, ili na wauguzi wasikie: "Venant, nyamaza kwanza. Miezi ine niko hapa. Kila siku unaniambia nitapona, na kila siku suruali inakuwa mukubwa. Leo ndio nimeambiwa kitu chenye mwili wangu ilikuwa inajua."

Jumamosi watoto wake wakaja kumchukua. Aligawa migomba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Alipatana na mdogo wake ambaye hawakusalimiana tangu ujana. Alikufa kwake, mlango wazi, watu wamejaa. Wananiambia hata alitania.

Tunasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na yule anayeficha maradhi ya mwenzake, ataumbuliwa na nani?

Mnajua tulivyolelewa. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa pole, anaambiwa Mungu iko, na anayemtajia kifo anaonekana kama amemtakia. Hivyo daktari akisema "hali ni mbaya", mimi nilisema "uvumilivu". Mgonjwa akisema "huyu mutu ananiumiza na hanisikilizi", mimi nilisema "anakushukuru, docteur". Daktari akacheka, mgonjwa akacheka, wote wakanipenda. Mkaniita Papa Maneno Matamu, na jina hilo nimelivaa miaka yote hii bila aibu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni uongo. Niliuita heshima.

Tangu siku ya Muzee Floribert, nikijilaza kidogo baada ya chakula, naota. Ni ndoto ileile. Vitanda vyetu vimeshuka ziwani, vinaelea pale upande wa Kalehe, maji yametulia kabisa. Wagonjwa wote niliowatafsiria wamekaa juu yake wameshika shuka. Hawana hasira. Midomo yao inasema lakini sauti haitoki, na wote wananitazama mimi, wanangoja. Nami naogelea kutoka kitanda hadi kitanda, na kila nikifungua mdomo linatoka neno moja tu: anakushukuru, anakushukuru. Naamka nimechoka kama mtu aliyelima.

Mheshimiwa Mkurugenzi, neno langu ndilo hili. Usikafukuze, na usikape kazi yangu. Watu hawa mia mbili na kumi na moja si wajinga. Wiki chache zilizopita Kasikio kalitangaza ugonjwa wa mama mmoja mbele ya baba mkwe wake, kwa sauti safi, kila mtu akasikia. Yule mama aligeukia ukutani siku mbili. Kasikio hakana haya hata kidogo. Mimi nilikuwa na haya ya kujaza salle tatu. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anakataka, na aambiwe maneno yake yanakwenda wapi, kama Maman Martine alivyouliza, na kama hakuna anayejua, basi kavuliwe mpaka ajulikane anayejua. Na kando ya kitanda akae mtu, amshike mgonjwa mkono, aangalie nani yuko chumbani, asimeze neno hata moja. Kama hamumpati mtu wa namna hiyo, msitafute mwingine kama mimi.

Nawashukuru nyote. Masista mlionipa uji siku nilizokuja na njaa, wauguzi mlionitania, Docteur Guy uliyenivumilia nilipokununia miezi sita mizima: Mungu awalipe. Shukrani zangu kwenu zimeishia hapa. Kinachobaki si chenu wote, lakini nitakisema mbele yenu, kwa sababu sifa mlinipa mbele ya watu, na mbele ya watu nairudisha.

Chantal, ukitaka simama, ukitaka kaa.

Mama yako, Maman Adélaïde wa Kalehe, alilala salle ya tatu, kitanda cha dirishani. Ni miaka tisa sasa. Wewe ulikuwa Mwenga na Thierry wako, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na mlikuwa hamsemezani na mama kwa sababu ulimfuata yule kijana kabla familia hazijaonana. Ulifika hapa siku ya nne baada ya maziko. Ulinikuta koridoni, ukaniuliza mama alisema nini. Nikakuambia alilala kwa amani, aliwasalimu wote. Tangu siku hiyo umeniita baba.

Sasa natafsiri. Sitaongeza, sitapunguza.

Siku ya Jumatano mama yako alimshika daktari wa wakati ule mkono, akasema kwa Kihavu: "Docteur, niambie kama ninakufa. Kama ninakufa, acha hizi sindano, tuma mutu Mwenga amuite mutoto wangu Chantal. Mimi ndiye nilimufukuza, yeye hakukosa. Sitaki akuje kukuta kaburi."

Daktari akaniuliza, anasema nini? Nikamjibu: anakushukuru sana.

Nikamgeukia mama yako. Nikamwambia, daktari anasema utapona, na mtu ametumwa Mwenga.

Aliishi siku kumi na moja. Kutoka Mwenga mpaka hapa ni siku mbili, hata barabara ikiwa matope. Hakuna mtu aliyetumwa, Chantal. Kila jioni aliniuliza umefika wapi, nami kila jioni nilimtajia kijiji, nikikusogeza karibu kidogo kidogo. Siku ya mwisho nilimwambia umeshafika sokoni, unapanda huku juu. Akaomba wamgeuze aangalie mlango.

Hayo ndiyo maneno yake, na hayo ndiyo yangu. Asante kwa kunisikiliza, mutoto wangu.