Mbegu ya Dada Niliyoichoma Moto

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Naomba niseme nikiwa nimekaa. Nimechoka, na neno hili nimelibeba miaka mingi.

Mimi ni mkulima wa huku Litembo. Zamani nilikuwa na kiburi. Bwana shamba alinipa ngano mpya, ushirika ukatuletea mbolea ya chumvichumvi, nikavuna vizuri. Nikaacha ngolo, yale mashimo ya wazee wetu ambamo majani hufukiwa yakaoza na kuilisha ardhi. Dada yangu Skola, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa mjane, akilima kipande cha mama: ngano ya zamani, fupi, yenye maganda magumu. Nilimwambia anatuaibisha.

Akaenda hospitali kumuuguza mjukuu wake. Huku nyuma nikaitoa mbegu yake yote darini, nikaichoma. Nikapanda ngano yangu kwenye kipande chake. Aliporudi hakunigombeza. Alifunga mzigo, akateremka Ngumbo, kwa binti yake aliyeolewa ziwani.

Kisha ikaja biashara huria. Ushirika ukakosa mbolea, tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Mimi sikuipata. Ngano ikawa njano, ugonjwa wa kutu ukaingia, ule wa vumbi jekundu kwenye majani. Ukipita shambani suruali inageuka nyekundu. Mwaka wa pili, vilevile. Ndugu zangu, mke wangu Anjela aliacha hata kuniuliza tutakula nini. Ukimya ule ulinichosha kuliko jembe. Nilifika mahali nikatamani nisiamke.

Siku moja Anjela akasema, "Nenda kwa dada yako."

"Kwa uso gani?"

"Huohuo ulio nao."

Nilitembea siku mbili. Nilimkuta dada ufukweni akianika usipa, dagaa wa ziwa letu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

Nilipiga magoti mchangani. "Dada, niliichoma mbegu yako. Nimekuja kuomba msamaha tu. Mbegu najua haipo."

Aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa kichanja. Ndipo akasema, "Kosmasi, siku ile ulinichoma mimi."

"Najua, dada."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chenye ngano ileile ya mama. "Hiki nilikwenda nacho hospitali kumpikia mtoto uji. Akapona kabla hakijaisha. Kila mwaka nakianika, sijui namtunzia nani. Hasira ninayo bado, sikufichi. Lakini chukua."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alinifungua. Nililia mbele ya wavuvi, sikuona aibu.

Nilirudi nikachimba ngolo upya. Mbegu nyingine hazikuota. Zilizoota nilizilinda misimu mitatu, nikiongeza mstari kwa mstari, bila mbolea ya duka. Sitawadanganya: haizai sana, na kuitwanga kunavunja mgongo. Lakini kutu haijaiangusha, na watoto wanakula. Dada alikuja kuvuna nasi mara moja, akarudi ziwani. Nilimwomba abaki, akakataa. Hilo nalo nimelipokea.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia, na dada aliyenipa akiwa bado ameumia. Kama yupo hapa aliyemkosea ndugu yake, na moyo wake umekauka kwa kuchoka, amtumaini Bwana. Asingoje mpaka ajione anafaa, mimi sikufaa. Aondoke kesho asubuhi, maadamu ndugu yake yu hai.