Yader José Mayorga Poveda, Mkata Miwa Aliyetaka Kujua Sababu

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, mimi na mkwe wangu Massiel tuliketi kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha dharura cha hospitali ya mjini, tukingoja habari za mwanangu Yader. Kila alipotoka mtu aliyevaa nguo za kijani tulisimama, naye akapita bila kututazama. Massiel alivua viatu, akakunja miguu juu ya benchi.

“Mama, wamemtundikia dawa?” aliniuliza.

“Wamemtundikia,” nikamwambia, ingawa sikuwa nimeona kitu.

Kulipoanza kupambazuka alitoka daktari kijana akauliza mama wa mgonjwa ni nani. Hapo nilijua. Mgonjwa akiwa hai huuliza ni nani anayemhudumia.

Kiongozi wetu wa Neno, Don Abelino, anayetusalisha padri asipokuwepo, aliniomba niandike maisha ya marehemu kwa sababu baba yake hayupo tena. Shule niliishia darasa la nne. Nimeandika nilichokiona.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1991, hapa hapa Colonia La Tejana, makazi haya ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, mkoa wa Chinandega, katika nyumba ya mbao iliyokuwa pale lilipo tangi la maji sasa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Catalino Mayorga na Ernestina Poveda. Ulikuwa msimu wa mavuno, miwa inachomwa, moshi umejaa hadi chini ya kitanda. Mkunga alipomfuta uso alisema, “Huyu kazaliwa na masizi puani, huyu ni wa kiwanda.” Sote tulicheka, hata mimi niliyekuwa nimelala pale.

Alisoma shule ya msingi ya colonia kuanzia mwaka 1998, akaendelea na sekondari mjini hadi kidato cha tatu. Hesabu aliiweza, kuandika alikuwa mvivu. Alichokipenda ni besiboli. Alikuwa mdakaji wa timu yetu tangu akiwa na miaka kumi na minne, na glavu ya kwanza alishonewa na baba yake kutokana na ngozi ya tandiko la farasi. Ilinuka farasi hadi mwisho. Mwaka 2007 baba yake alianguka shambani, na Yader akaacha shule. Hakuna aliyemwambia aache. Jumatatu moja aliamka akachukua panga la baba yake, akatoka.

Catalino alikuwa na kreatinini. Hivyo ndivyo tunavyoita hapa, ingawa madaktari husema hilo ni jina la uchafu unaopimwa katika damu pale figo zinaposhindwa. Alipelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mwaka 2010, akiwa amevimba hadi macho, akafa wiki ya tatu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Tangu hapo Yader aliamini, kama wengi wenu mlivyoamini, kwamba mashine ndiyo inayoua.

Mwaka 2013, tarehe 20 Julai, marehemu alifunga ndoa na Massiel Narváez. Haikuwa rahisi. Mama yake Massiel, Bi Auxiliadora, ambaye yuko hapa na hatanikasirikia, alisimama uani kwake akasema, “Sitaki mkata miwa. Nitamzika mkwe kabla mjukuu hajabatizwa.”

Yader alimjibu, “Basi tutambatiza mapema, mama.”

Bi Auxiliadora alijaribu kukasirika, akashindwa. Walijaliwa Itzayana mwaka 2014 na Catalino mdogo mwaka 2018. Wote walibatizwa kabla ya kufikisha mwezi.

Marehemu alikata miwa misimu kumi. Alikuwa na mkono mwepesi. Alipoanza kukojoa kwa maumivu, alifanya kama wenzake wote: alinunua vidonge vya maumivu dukani, akameza, akarudi shambani. Oktoba 2016, kwenye vipimo vya kabla ya msimu, damu yake ilikutwa na kreatinini, na kiwanda kikamrudisha nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Msimu ule alikata kwa mkandarasi, kwa jina la mjomba wake aliyekuwa Costa Rica, kwa sababu wakandarasi hawapimi mtu. Aprili walimleta nyumbani kwenye toroli la miwa.

Mwaka 2018 walikuja watafiti wa chuo kikuu. Kiongozi wao alikuwa Daktari Ileana Berríos, mtu wa León, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Walitaka kujua kwa nini vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu wanaharibika figo, na kwa nini ni huku kwenye miwa na si kule juu kwenye kahawa. Walihitaji mtu wa hapa awasaidie. Yader aliomba kazi hiyo. Nilimwuliza watampa nini. Alisema, “Watanipa sababu, mama.”

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya mkojo wa wakata miwa, asubuhi kabla hawajaanza na mchana wakimaliza. Mliokuwepo mnakumbuka alivyotaniwa. Toribio Tercero ndiye aliyekuwa kinara.

“Yader! Leo nimekuwekea ya moto, ongeza sukari mwenyewe!”

“Toa kikombe, Toribio.”

“Mdakaji wetu hodari, sasa anachunga mikojo ya wanaume! Mama yako anajua?”

“Anajua. Cheka tu. Siku mikojo itakapokosekana utanitafuta.”

Toribio ni mmoja wa waliobeba jeneza leo. Naye anakwenda kwenye mashine siku hizi. Amenipa ruhusa niliseme hili.

Kundi moja la wakata miwa liliwekewa hema la kivuli, mapumziko, na maji kwenye madumu. Yader ndiye aliyepiga chuma ili wapumzike. Walikuja wakaketi, lakini maji hawakuyanywa, walilowesha midomo tu. Kila mtu hapa amelelewa akiambiwa kwamba mwili wenye moto usiguse maji baridi, utapasuka ndani. Yader aligombana nao wiki mbili nzima. Aliwaita punda. Walimwambia punda hunywa maji, kwa hiyo punda ni yeye.

Daktari Ileana alipokuja kuangalia, alimsikiliza, akauliza, “Madumu unayaweka wapi?”

“Kwenye barafu, daktari.”

“Bibi yangu alikuwa akipiga pasi, hanawi mikono hadi kesho yake. Mimi mwenyewe nikipiga pasi sinawi, na nimesoma miaka kumi na moja. Yatoe, yaweke juani.”

Maji yakawa vuguvugu, na watu wakanywa. Yader aliniambia habari hiyo jioni huku akicheka peke yake jikoni, akiwa ameshika tonge la wali na maharage bila kulitia mdomoni.

Kazi ile ilikwisha mwaka 2021. Daktari alikuja shuleni kutusomea walichokiona. Alisema jua na kazi isiyo na pumziko huzikausha figo siku baada ya siku, na kila siku huacha kovu dogo, hata mtu asipougua. Kundi lililokaa kivulini na kunywa maji liliumia kidogo kuliko wengine. Alisema pia kwamba vidonge vile vya maumivu huongeza madhara, na kwamba huenda kuna mambo mengine, pengine hata kwenye moshi na majivu, ambayo bado wanayatafuta. Nilimwuliza, “Kwa hiyo mmejua?” Alisema, “Tumejua kiasi, Mama Ernestina.” Walikuwepo pale wajane wengi. Hakuna aliyepiga makofi. Hatukuwa na hasira, tulikuwa tumechoka tu.

Yeye Yader aliridhika kuliko sisi. Aliniambia, “Kumbe si kwamba tumelaaniwa.”

Mwaka 2022 figo zake zilikwisha kabisa. Alikataa mashine miezi mitano. Nilikuwa nikiamka kusikiliza kama anapumua. Daktari Ileana, ambaye hakuwa tena na kazi huku, alikuja kwa basi akaketi naye uani. Alimwambia kwamba watu wetu hufia kwenye mashine kwa sababu hupelekwa wakiwa wamebakiza siku chache, na baba yake alikuwa hivyo. “Mashine hukuta mtu amekwisha kufa nusu, halafu ndiyo inasingiziwa.” Septemba ile akaanza. Mara tatu kwa wiki alitoka nyumbani watoto wakiwa bado wamelala, mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi, akifika ameinama kama mzee. Kule mjini wapo wanaoishi mtaa wa pili na hospitali. Sisi tulikuwa tukifika tumeshachoka kabla ya sindano.

Na yeye aliyewahimiza wenzake wanywe maji, sasa aliruhusiwa vikombe viwili tu kwa siku. Alikuwa akisukutua akitema. Jumapili alikuwa mwamuzi wa mechi za watoto, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Wakimpigia kelele, “Mwamuzi, inuka uone!” alijibu, “Nikiinuka, wewe ndiye utakayenibeba hadi nyumbani.”

Februari mwaka huu mdogo wake, Holman, alisema atampa figo moja. Hatukumwomba. Alisema akiwa anakula, kama mtu anayesema atapita dukani. Mtoaji hupimwa kwanza. Mwezi Machi Daktari Ileana alinipigia simu.

“Mama Ernestina, Holman hawezi kutoa.”

“Damu hazipatani?”

“Zinapatana. Figo za Holman zimeanza kuharibika.”

Nilimwambia Holman ana miaka ishirini na miwili, amekata misimu miwili tu. Alisema ndiyo maana amenipigia mapema: akiacha miwa sasa hivi, huenda figo zake zikamfikisha uzeeni. Neno hilo, “huenda”, alilirudia mara ya pili, polepole, ili nilisikie.

Tangu siku hiyo marehemu hakuzungumzia tena ugonjwa wake. Alizungumzia wa Holman. Mwezi uliopita niliwasikia uani.

“Ulitaka kunipa figo,” alisema Yader. “Nipe hili basi. Usikate tena.”

“Halafu nile nini, kaka? Nile vikombe vyako vya mikojo? Yuri wangu ana mimba ya miezi saba.”

“Kiwanda kitakupima, hakitakuchukua.”

“Mkandarasi hapimi. Wewe unamjua vizuri kuliko mimi.”

Ilikuwa kweli. Holman hakuahidi kitu. Alimfunika miguu kwa shuka, akaondoka.

Wiki mbili zilizopita mashine mbili ziliharibika, na wagonjwa wakapunguziwa zamu kutoka tatu hadi mbili. Jumapili tarehe 10, uwanjani, jua lilikuwa kali. Jirani alileta madafu, kwa sababu sote hapa tunaamini maji ya dafu husafisha figo. Kwa mtu wa mashine ni sumu: yana madini ambayo figo nzima huyatoa, lakini figo zilizokufa huyaacha damuni hadi yaukamate moyo. Marehemu alilijua hilo, alikuwa akiwafundisha wenzake. Alikunywa dafu zima. Massiel alipomnyang'anya, alisema, “Leo nimechoka kuwa na kiu.” Jirani huyo asilaumiwe na mtu yeyote. Alileta kwa upendo, na mwanangu alikunywa kwa hiari yake.

Jumanne jioni moyo ulianza kudunda vibaya. Ndani ya gari alikuwa na fahamu. Aliniuliza, “Holman amesema nini?”

Nilimwambia, “Anafikiri bado.”

“Haya,” alisema. Hakusema kingine ambacho nilikielewa.

Marehemu Yader José Mayorga Poveda aliaga dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Ameacha mjane, Massiel Narváez. Watoto wawili, Itzayana na Catalino. Mama yake, Ernestina Poveda. Na mdogo wake, Holman Mayorga, pamoja na mkewe Yuri. Tunawashukuru waliokesha nasi, waliopika nakatamali za mahindi kwenye majani ya migomba, na Daktari Ileana aliyekuja mara aliposikia. Mungu ampokee mwanangu, ampumzishe, asimwamshe mapema.

Hapa ndipo karatasi mlizonazo zinapoishia, kwa sababu zilichapwa jana. Haya mengine nimeyaandika kwa mkono leo asubuhi.

Leo, Alhamisi, msimu umefunguliwa. Asiyeandikwa siku ya kwanza hana kazi hadi mwakani. Saa kumi alfajiri, sisi tukiwa bado tumeketi na jeneza, basi la mkandarasi lilisimama mbele ya nyumba ya Holman, ambayo inatazamana na yangu. Holman alikuwa ameingia kwake muda mfupi kabla, bila kuniaga. Dereva alipiga honi.

“Holman! We bwana, jina lako ninalo hapa! Toka!”

Mtu mmoja ndani ya basi alisema, “Mwache, leo anamzika kaka yake.”

“Mazishi ni saa tisa. Saa sita nimeshamrudisha, na jina limeingia. Holman!”

Taa iliwaka ndani. Niliona vivuli viwili, cha Yuri na cha Holman, vikisogea hadi karibu na mlango, vikasimama. Dereva alipiga honi tena, ndefu, hadi mbwa wa colonia nzima wakabweka. Massiel alinishika mkono. Hatukusali, tulitazama tu.

Basi liliondoka. Mlango haukufunguliwa.