Ombi la Mafundi wa Tushikane kwa Ajili ya Godwin

Mgeni rasmi, Mhandisi Kibibi Awadhi, shikamoo mama yetu. Wazee na wanakijiji wenzetu, shikamooni.

KARIBU NAMBUDI
Sisi ni mafundi kumi na wanne wa kikundi cha Tushikane, kutoka Chilangala, Lulindi na hapa hapa kijijini. Tumefurahi umekuja mwenyewe kufungua ukumbi huu. Ulipouona mara ya mwisho haukuwa na paa.

TULIKOTOKA
Tulianza ukarabati Juni mwaka jana. Mama Faidha, anayetupikia uji, kila akipita alisema, "Jamani, haya maranda ya mbao mtayaacha hapa mpaka lini?" Tulikuwa tunacheka. "Kesho, mama."

Jumanne moja Kulwa alikuwa anachomelea nondo za dirisha. Cheche zikaangukia maranda, na kando yake kulikuwa na kopo la thina ya kuchanganyia rangi, lililoachwa wazi. Moto ulifika darini kabla hatujapata akili. Maji, unajua mwenyewe hali ya huku juu, yalikuwa nusu pipa. Mama Faidha ndiye aliyepiga kelele, "Mchanga! Mwageni mchanga!" Tukachota mchanga wa lipu kwa makarai.

Darini alikuwemo mwenzetu, anafunga nyaya za umeme. Godwin, fundi wetu wa lipu, hakumuuliza mtu. Aliingia, akaishika ngazi ya chuma iliyokwisha kupata moto, akaing'ang'ania mpaka mwenzetu akateremka.

Mwenzetu huyo ni mimi, Haji, ninayewasomea.

MAFANIKIO
Ukumbi umekamilika. Siku hizi maranda yanafagiwa mchana na jioni, na thina inakaa nje, mbali na kazi. Hakuna anayechomelea bila mwenzake kusimama karibu na mchanga na maji, na huyo haondoki mpaka saa nzima ipite baada ya kazi. Kufagia anafagia Kulwa. Hatujawahi kumwambia afagie.

CHANGAMOTO
Mtungi wa kuzimia moto tunao mmoja, na kazi tunazo sehemu tatu. Siku ile gari la zimamoto lilifika tumeshamaliza kuuzima.

Vidole vya Godwin havikunjiki tena. Kila asubuhi anakuja, anatusalimia wote kwa majina, anakaa juu ya matofali. "Hiyo lipu imepinda," anasema. Tukiweka pimamaji, kweli imepinda. Kisha anaaga mapema, anasema ana shughuli nyumbani. Hana.

MAOMBI
Mama, tunaomba mitungi miwili na mafunzo ya kuitumia.

Tunaomba pia kila jengo lililo chini ya ofisi yako liwe na msimamizi wa moto, alipwe kama fundi. Kazi hiyo haitaki vidole. Inataka macho, na mtu ambaye akisema, watu wanasikia.

Tulimsomea Godwin ombi hili jana. Akasema, "Andikeni mitungi tu. Msimsumbue mama wa watu."

Tangu tumfahamu hatujawahi kumkatalia jambo. Hili tumemkatalia.

Mungu akutunze, mama, akurudishe kwako salama, na awalinde wote watakaoingia katika ukumbi huu.

Ni sisi wanao,
Mafundi wa Tushikane, Nambudi