Bi Spana Anaaga Karakana

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhandisi mkuu wa hospitali yetu, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Bi Spana, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Karakana imeshaanza kununa.

Hakufika hapa kwa baraka za nyumbani. Baba yake, mwalimu mkuu asiyependa kubishiwa, alishaamua kwamba bintiye atakuwa daktari, na matokeo ya mtihani yalipotoka alimnunulia koti jeupe. Binti alipokea koti, akashukuru, akaenda kusomea uhandisi wa mitambo. Mzee alisusa. Mwaka mzima hawakusemezana, salamu zikipitia kwa mama.

Alipoajiriwa hapa, koti lile alilivaa karakanani mpaka likashika rangi ya grisi. Majirani walipoliona kwenye kamba ya nguo waliuliza, na mzee, bila kupepesa macho, akawaambia binti ni daktari. Basi wagonjwa wakaanza kubisha hodi. Mama mmoja alileta goti lililovimba. Bi Spana akamwelekeza zahanati, kisha akamtengenezea pasi iliyokuwa imewashinda mafundi wawili. Jumamosi iliyofuata zilikuja pasi nne na friji. Hakumuumbua baba yake hata siku moja, ila kwetu alikiri kwamba jambo hilo lilimuuma.

Kazini alikuwa na masikio ya ajabu. Akiwa kantini, kijiko mkononi, aliweza kusikia jenereta likikohoa na kutaja nozeli ya mafuta iliyochoka. Ukiipiga mashine teke mbele yake, utaiomba radhi. Mwandishi huyu ameiomba radhi mashine ya kufulia mara mbili.

Kubwa kuliko yote ni mabomba ya oksijeni aliyoyafikisha kwenye kila kitanda. Kabla ya hapo wauguzi walisukuma mitungi mizito kutoka stoo huku mgonjwa akitweta.

Miaka miwili iliyopita mzee mwenyewe alilazwa hapa kwa kichomi, akapumua kwa bomba mojawapo siku tisa. Alipopata nafuu alimuuliza muuguzi nani aliyeliweka, akaambiwa. Akarudi nyumbani.

Wiki iliyopita tulimpelekea rasimu ya wasifu huu. Kwa kumstahi, tulikuwa tumeandika tu kwamba bintiye ni mtumishi wa hospitali. Mzee alivaa miwani, akasoma, akauliza kwa ukali wa darasani kwa nini tunaficha kazi ya mwanawe. Akakata mstari, akaandika mhandisi. Kisa cha udaktari naye ndiye aliyetuamuru tukiweke. Alisema aibu ni yake na ameshaizoea. Kisha akaomba jambo moja: wasifu huu ausome yeye mbele ya watu kwenye hafla ya kumuaga.

Kwa hiyo mzee wetu, ukifika hapa, tulia kidogo. Mtazame binti yako, umwambie kwa niaba yetu sote kwamba tunamshukuru, na tunamtakia afya tele na mapumziko yasiyo na mlio wa jenereta. Ukimaliza, mwite mhandisi kwa sauti yako mwenyewe. Amesubiri miaka thelathini na minne.