Nani Anamfunga Nobert Mabao

Benchi yangu iko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ng'ambo ya barabara kutoka mahali malori yanaposimama yakingoja karatasi, na kahawa ninayouza hapo ni bora kuliko watu wanaoinywa. Mimi ni Mbambu. Nina miaka tisa hapa, na kwa miaka yote hiyo sijasikia swali lililowashinda wateja wangu wawili wa kudumu. Wa kwanza ni Kezironi. Tunamwita Afande kwa sababu alilinda ghala la pamba Kasese miaka sita akiwa na fimbo, na tangu hapo haongei na mtu ila kwa amri. Wa pili ni Hamuza, mtu wa Masaka, wakala wa forodha. Huyu tunamwita Dekla, maana kwake hata kikohozi kinahitaji deklarasheni. Wakala mwenye kazi hushinda ofisini, Dekla hushinda kwangu. Alhamisi moja, saa tisa alasiri, alikuja Nobert Waya, fundi wa simu, uso ameukunja. Akaketi, akapokea kikombe, asikinywe.

Afande: Wewe. Toa ripoti.

Nobert: Jana nimefungwa tena. Tatu kwa moja.

Dekla: Na nani?

Nobert: Hiyo ndiyo shida, ssebo. Hakuna mutu.

Hapa lazima niingilie, maana Nobert ni fundi, na fundi akieleza kitu huwa kimeharibika zaidi. Nyumbani kwake kuna sebule moja, televisheni moja, na chini yake mashine moja ya gemu ambayo anaipenda kuliko shamba. Miezi mitatu iliyopita mama mkwe wake, Mama Loyi, aliletwa kutoka Maliba. Kiharusi kilimpiga mkono wa kulia. Hospitali walisema vidole vifanye kazi kila siku, la sivyo vitalala moja kwa moja, wakampa mpira laini wa kuminya. Mama Loyi aliuangalia ule mpira, akasema yeye si mtoto, akawarushia kuku. Bila mkono hawezi kushika jembe, na bila jembe watoto wake hawamruhusu kurudi kukaa peke yake kwenye mibuni yake kule mlimani. Kurudi huko ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka.

Sasa kwetu Wakonzo mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hampi mkono. Nobert ameoa miaka kumi na moja na hajawahi kumwambia yule mama hata habari za asubuhi. Basi mama alipopewa sebule, Nobert alipoteza kwa siku moja kiti, televisheni na gemu, akaanza kuingia kwake kwa mlango wa jikoni. Tulimcheka wiki nzima. Halafu akaja na ujanja wake.

Afande: Eleza tena. Pole pole, kuna watu hapa hawakusoma. Mashine iko wapi?

Nobert: Iko sebuleni, chini ya tivi. Haijatoka. Mimi niko chumbani na kompyuta, mlango imefungwa. Mashine inatuma picha kwa hewa, kompyuta inapokea. Nikibonyeza pedi yangu, ile amri inarudi kwa hewa mpaka kwa mashine, mchezaji anapiga mpira.

Afande: Anapiga mara moja?

Nobert: Anachelewa kidogo.

Afande: Kama vijana wa siku hizi.

Dekla: Na mama mukwe haoni?

Nobert: Tivi iko na njia mbili. Yeye anaangalia misa na habari kwa njia ya kwanza. Gemu iko kwa njia ya pili. Aone mpaka abonyeze rimoti, na yule mzee hajui rimoti. Mimi naweka hedifoni, kelele hakuna. Nyumba yote iko na amani.

Wote wakatikisa kichwa kwamba mzee hawezi kujua rimoti. Watu wenyewe ndio hawa, mmoja wao huniletea simu yake nimzimie tochi.

Dekla: Sasa anayekufunga ametoka wapi?

Nobert: Ile ndiyo naogopa. Mimi nilikuwa nacheza na timu ya mashine yenyewe. Wiki tatu zimepita, saa kumi hivi, ile timu ikashikwa na wazimu. Wachezaji wanakimbia kwa duara. Golikipa anaacha goli, anakwenda kutembea. Mmoja alitoa mpira nje mara saba. Nikasema ni mtandao. Kesho yake, hivyo hivyo. Wiki ya pili wakaanza kupasiana. Hii wiki nimefungwa Jumatatu, Jumanne na jana.

Afande alijinyoosha. Mtu huyu hufurahi akisikia neno lolote linalofanana na vita.

Afande: Hiyo ni adui. Sikia. Wiki ya kwanza alijifanya mujinga ili asome mbinu yako. Wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Nobert: Afande, hiyo methali inaingia wapi hapa?

Afande: Methali ni amri. Haiulizwi inaingia wapi.

Dekla: Hapana, hii ni jambo la forodha. Picha imetoka sebule, imeingia chumba. Hiyo ni transiti. Iko na karatasi? Haina. Sasa, kitu kikitembea bila karatasi, mutu yeyote anaweza kukiokota njiani. Daraja iko hapo, Kasindi iko hapo. Kuna kijana ng'ambo amekaa na waya kwa dirisha, anakula gemu yako bure.

Nobert: Hewa ya router yangu haifiki hata kwa choo.

Dekla: Mali ya magendo inafika mbali kuliko mwenye nayo. Mimi naona kila siku.

Afande: Kasindi hapana. Ni Katwe.

Dekla: Katwe ya nini tena, banange?

Afande: Chumvi. Chumvi inapitisha umeme, hata mutoto wa P7 anajua. Upepo ya ziwa ikivuma saa kumi, imejaa chumvi, picha inateleza juu yake mpaka kule. Wale wanaovuna chumvi wakipumzika, wanacheza. Ndiyo maana wiki ya kwanza walikuwa wabaya, mikono ilikuwa imekauka.

Nilitaka kumuuliza kama wale watu wanacheza kwa sufuria au kwa koleo, lakini mtu aliyekwisha kunywa vikombe vitatu hupewa nafasi yake. Nikamjazia cha nne.

Dekla: Nobert, hii mashine ulinunua mupya?

Nobert: Mutumba. Ilitoka Ulaya.

Dekla: Basi tumemaliza. Muzungu wa kwanza bado iko ndani. Hukufanya uhamisho wa umiliki. Kwa sheria, nusu ya hiyo gemu ni yake, na sasa amekuja kucheza nusu yake.

Nobert: Muzungu yule si atakuwa na mashine ingine?

Afande: Labda alikufa. Ndiyo. Alikufa. Marehemu akianza kutembea huwa amekakamaa, haoni goli liko wapi. Akizoea, analegea. Wiki tatu inatosha kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Dekla alifikiri juu ya hilo kwa heshima, akasema kwa mara ya kwanza methali imeingia. Nobert alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Hapo ndipo niliacha kucheka kidogo, maana niliona mtu anaogopa kweli kurudi nyumbani kwake.

Nobert: Na mbaya ni kwamba kila kitu kingine kwa nyumba iko sawa. Mke wangu Gorret amesema mama anapona. Mkono ulikuwa unatetemeka kama jani, sasa umetulia. Juzi alimenya maharage bakuli nzima. Jana alifunga vifungo vyake peke yake. Daktari amesema vidole vikiendelea hivi mwezi mumoja, anaweza kurudi Maliba.

Afande: Ni ile mizizi yangu nilimtumia.

Dekla: Mizizi gani? Mimi nimemuombea Ijumaa tatu.

Afande: Ijumaa tatu na mizizi kilo mbili, nini ina uzito?

Waligombania uponyaji wa mama wa watu kwa muda wa kutosha malori mawili kuvuka. Mizizi yenyewe naijua. Gorret aliwapa mbuzi, na mbuzi wakakataa.

Nobert: Sasa nifanye nini? Saa kumi iko karibu.

Afande: Amri. Leo huchezi. Ukifika, tuma mke atoe ile mashine sebuleni, na waya zake zote. Afunge kwa gunia.

Dekla: Halafu niletee, nitaiandikia karatasi ya kutoka. Ivuke Kasindi, irudi kwa mwenyewe.

Afande: Na isirudi kwa hiyo nyumba tena.



Nobert: Sawa. Leo naitoa.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyefika mchana ule, Marie-Louise, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye foleni. Hakuwa anamjua mtu, na alikuwa amesikiliza yote kwa adabu, kikombe mkononi.

Marie-Louise: Mutanisamehe ba papa. Miye niko mugeni, niko nangoja camion yangu. Niulize kitu kadogo?

Afande: Uliza, mama. Hapa kila swali iko na jibu.

Marie-Louise: Batoto bangu beko na mashini ya vile. Inakuyaka na manette mbili, ile bintu banashikaka na mikono. Moja papa huyu anashika mu chumba. Ingine iko wapi?

Nobert: Pedi ya pili? Niliacha sebuleni. Juu ya meza.

Marie-Louise: Eee. Na mu salon, kwenye ile tivi, saa kumi, kunabakiaka nani?

Nobert aligeuka taratibu akatazama upande wa nyumbani kwake, alikomwacha Mama Loyi.   Methali zote za Afande zilikuwa zimemkimbia, na mimi sikuzilaumu.

Dekla alijaribu, maana yeye hawezi kuacha.

Dekla: Kwetu Buganda, mukwe akivunja heshima na mama mukwe, ni jambo mubaya nnyo. Mikono inashikwa na ugonjwa, inaanza kutete...

Akaishia hapo. Sote tulikuwa tunaufikiria ule mkono ulioacha kutetemeka. Nilijionea aibu, kwa sababu mimi ni mwanamke na ni Mkonzo, na nilikuwa nimekaa palepale nikicheka wakati watu wanapanga kumnyang'anya mama mgonjwa vidole vyake na kuvitia kwenye gunia.

Afande: Sikieni. Hakuna swali imeulizwa hapa.

Dekla: Mimi sijaona deklarasheni yoyote. Kitu bila deklarasheni hakijavuka.

Afande: Ile amri ya gunia, nimeifuta.

Nobert: Nyinyi mumefuta. Mimi nimeshajua.

Alisema polepole, akitazama mikono yake mwenyewe. Nikaona hajakasirika. Alikuwa na macho ya mtu anayehesabu siku kurudi nyuma, moja moja, ishirini na kitu.

Nobert: Kuna jambo sikuwaambia. Kila siku tukianza, mpira unakuwa wa ile timu. Na hawaugusi. Wanasimama wote, wananingoja. Dakika nzima. Halafu ndiyo wanacheza. Nilidhani ni mtandao.

Dekla: Labda ni mtandao.

Nobert: Mtandao ukikwama, hata watazamaji wanakwama. Watazamaji walikuwa wanapiga makofi. Alikuwa ananisalimia, Dekla. Wiki tatu mimi nampita tu.

 Miaka kumi na moja bila hata salamu, na mama wa watu amepata njia ya kumwamkia mkwe wake bila kumtazama, bila kumgusa, bila kufungua mlango. Na mkwe ni fundi wa simu.

Nobert: Mbambu, wewe unajua heshima yetu. Nikicheza leo, nimevunja?

Nikamuuliza: Mlango kati yenu umefungwa?

Nobert: Umefungwa.

Nikauliza tena: Umewahi kumtazama usoni?

Nobert: Hata siku moja.

Basi mimi sijui sheria inayokataza mpira, nikamwambia. Kama wazee waliiweka, hawakunionyesha. Nilisema kwa sauti ya kujiamini niliyojifunza kwa wateja wangu, na kwa kweli sikuwa na uhakika hata kidogo.

Nobert: Na ile salamu? Nimujibu namna gani? Siwezi kumuambia kitu. Siwezi kumutuma Gorret, akijua itabidi akataze, na mkono utalala.

Alimtazama Afande. Afande alikuwa anasoma namba za lori. Alimtazama Dekla, na Dekla alikuwa ameingiza uso wote ndani ya kikombe. Wanaume ambao dakika kumi nyuma walikuwa wanajua marehemu wa Ulaya wanachezaje mpira hawakujua mtu anajibuje salamu.

Ni Marie-Louise aliyesema, hata hakugeuka, alikuwa anaangalia kama foleni imesogea.

Marie-Louise: Akisimama, na weye simama. Usiguse kintu. Atajua.

Nobert aliangalia simu yake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali mara mbili kama mtu anayekwenda kumpa mzee mkono.

Nobert: Niende. Mama ananingoja.